Mti Nyuma ya Chuma

Watu wanapoisifu bunduki ya kale, aghalabu husifu chuma chake. Hutaja urefu wa kasiba, wepesi wa mtambo, umbali ambao risasi yake ilifika, na jina la mji wa ng'ambo ulioifua. Mti unaokishika chuma hicho hautajwi, au hutajwa mwisho, kama mpini usivyotajwa mbele ya jembe. Lakini mkulima anajua kuwa jembe lisilo mpini ni kipande cha chuma tu, na mwenye bunduki anajua vivyo hivyo. Chuma huirusha risasi, bali mti ndio unaoielekeza bunduki mahali jicho linapotazama.

Katika insha hii tutaupima mti huo, ambao tutauita kitako, kama mhakiki apimavyo shairi au mlango wa nakshi. Tutauliza umefanywaje, umefanywa kwa ajili ya nani, na uzuri wake ni wa namna gani. Tutautazama zaidi kutoka Kau, mahali padogo katika mto Ozi, karibu na Kipini, kwa sababu historia ya pale inaonyesha wazi jinsi chuma cha mbali kinavyohitaji mti wa karibu.

Kwanza na tufahamu kazi ya kitako. Bunduki inapolia hurudi nyuma kwa nguvu, na teke hilo hupokewa na bega. Kitako kikiwa kirefu mno, hunasa katika nguo na kuuchelewesha mkono. Kikiwa kifupi mno, dole gumba huipiga pua ya mwenyewe. Mgongo wa kitako ukiwa juu kupita kiasi, jicho huinuka na risasi hupita juu ya shabaha; ukiwa chini kupita kiasi, jicho huona mtambo tu na shabaha haionekani. Kwa mtu wa kimo cha wastani, kutoka kifyatuo mpaka mwisho wa kitako hupimwa aghalabu sentimeta 34 hadi 36. Lakini watu hawakuumbwa kwa kipimo kimoja. Yuko mwenye mikono mirefu na shingo fupi. Yuko mwenye bega pana na shavu jembamba. Kwa hiyo kitako kilicho chema kwa mmoja ni adhabu kwa mwingine.

Mafundi wa Uingereza wa karne ya 19 walilijua jambo hili, wakaunda bunduki ya majaribio ambayo kitako chake kilikuwa na viungo vya kurefushwa na kupindwa. Mteja aliishika begani, na fundi alikigeuza kitako kidogo kidogo, mpaka jicho la mteja likaiona shabaha bila ya kuitafuta. Hapo vipimo viliandikwa, na mti ukachongwa kwa kuvifuata. Kazi hii ni ndugu ya kazi ya mshonaji wa kanzu: wote wawili hupima mwili kwanza, ndipo wakate.

Mti uliopendwa na mafundi wa Ulaya ni jozi. Haukupendwa kwa rangi yake tu, ingawa rangi yake ni nzuri. Ulipendwa kwa sababu ni mwepesi kwa kadiri, haupindi ovyo ukisha kukauka vema, na huvumilia teke bila ya kupasuka upesi. Fundi huutazama kwanza kwa nyuzi zake. Mahali penye shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, nyuzi hazina budi kwenda sambamba na shingo. Zikiikata shingo upande, kitako kitavunjika pale pale siku moja, hata kikiwa kimepakwa mafuta na kung'arishwa namna gani.

Baada ya hapo huja kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kukilaza chuma ndani ya mti. Fundi hukipaka chuma masizi, hukiweka mahali pake, kisha hukiinua. Palipobaki weusi ndipo palipogusa. Huparuza hapo kwa patasi, hukilaza tena, hukiinua tena. Hurudia hivyo mara nyingi sana, mpaka weusi uenee kila mahali sawasawa. Akiifanya kazi hii kwa haraka, chuma kitagusa mahali pamoja tu, na kila teke la bunduki litakuwa kama kabari inayopasua mti. Mnunuzi haioni kazi hii. Imefichwa chini ya chuma, na huonekana tu siku bunduki inapofunguliwa. Basi kanuni yetu ya kwanza ya uhakiki ni hii: ubora wa kitako u mahali jicho lisipofika, na wala si juu ya ngozi yake.

Sasa na tuifikirie Kau. Mwaka 1885 Ujerumani iliitangaza himaya yake juu ya usultani wa Witu, uliotawaliwa na ukoo wa Nabahani waliotoka Pate. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilifanya mapatano juu ya mipaka ya nchi ya Sultani wa Zanzibar. Zilimwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 za baharini, kutoka mto Minengani upande wa kusini mpaka Kipini upande wa kaskazini, na Kau ikatajwa kwa jina lake kuwa ndani ya mpaka huo. Hivyo mji mdogo wa mtoni ukawa kizingiti baina ya dola mbili, na nyuma ya dola hizo zilisimama dola mbili nyingine zenye nguvu kubwa zaidi.

Kizingiti cha namna hiyo hakikosi bunduki. Mwezi wa Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu. Septemba ya mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa huko, na mwezi wa Oktoba jeshi la Uingereza chini ya Admirali Fremantle liliingia nchi hiyo kwa njia ya Kipini, likauteka mji wa Witu na kuuteketeza. Mwaka uo huo wa 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao uliweka vizuizi juu ya silaha zinazoingizwa Afrika, baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki zenye mifereji ndani ya kasiba zilifungiwa njia. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ziliachiwa mlango mwembamba. Sheria ya namna hiyo ina tokeo moja lisiloandikwa ndani yake. Bunduki mpya ikiwa adimu, ile ya zamani huwa mali ya kutunzwa, na mwenye kuitunza hana budi kumtafuta fundi.

Naye fundi wa nchi ya delta hupambana na adui ambaye fundi wa London hamjui. Mto hufurika, hewa ina unyevu, na mchwa halali. Chuma kikipakwa mafuta huweza kuishi maisha ya watu wawili au watatu. Mti hauna bahati hiyo. Katika nchi kama hii kitako hufa kabla ya kasiba, na kasiba hubaki ikingojea mwili mpya. Tena bunduki iliyofanywa ng'ambo ilikuja na kitako kilichopimwa kwa mwili wa askari wa ng'ambo, au hakikupimwa kwa mwili wa mtu ye yote, kwa kuwa ilifanywa kwa wingi ili kuuzwa kwa wingi. Kwa hiyo kubadili kitako hakukuwa anasa. Kulikuwa ndiyo njia ya kuifanya bunduki ya watu iwe bunduki ya mtu.

Pwani yetu haikupungukiwa na mikono ya kazi hiyo. Mafundi wa Lamu na Siyu wamejulikana zamani kwa milango, viti na vyombo vya baharini. Lakini jozi haukuoti hapa. Mti mashuhuri wa milango yao ni mbambakofi, ulio imara na usioogopa maji, ila ni mzito kuliko jozi. Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa mti mzito ni kosa katika bunduki, kwa sababu huchosha mkono. Mhakiki mwenye subira ataongeza kuwa bunduki nzito hupiga teke dogo, na kwamba mti usioliwa upesi na wadudu una thamani yake katika nchi ya wadudu. Kazi ya mkono haihukumiwi mbali na mahali ilipokusudiwa kutumika.

Namna ya bunduki nayo hubadili kazi ya fundi. Bunduki ya mrao, ambayo huwashwa kwa utambi, na bunduki ya gumegume, ambayo hutoa cheche kwa jiwe, aghalabu hulala katika mti mmoja kutoka bega mpaka karibu na mdomo wa kasiba. Kitako chake kikivunjika shingoni, bunduki nzima imevunjika uti wa mgongo. Martini-Henry, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilijengwa kwa njia nyingine. Sanduku la chuma la mtambo wake lilitenga mti wa mbele na mti wa nyuma, na ule wa nyuma ulifungwa kwa parafujo ndefu iliyopita ndani yake. Fundi aliweza kuutoa na kuweka mwingine bila ya kuigusa kasiba. Mtu anayeisoma historia ya vitako sharti akumbuke kuwa parafujo moja iliyowekwa mahali pema huweza kumpa fundi wa kijijini uwezo ambao hapo awali ulikuwa wa kiwanda tu.

Tukitoka katika kufaa, tunafika katika mapambo, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza njia. Ng'ambo ya bahari yetu, katika Oman, wenye bunduki za mrao na baadaye Martini walizipamba kwa pete na mabamba ya fedha. Pwani ya Afrika Mashariki, iliyofungamana na Oman kwa utawala na biashara, iliujua urembo wa namna hiyo katika majambia na panga pia. Mahali pengine pengi, katika Afrika na hata Amerika, wenyeji walipigilia misumari ya shaba katika vitako vya bunduki walizozinunua kwa wageni, wakafanya safu na duara. Je, mapambo haya ni sanaa au ni upuuzi?

Wahenga wamenena kuwa uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Methali hii yaweza kutumika kuyadharau mapambo yote, lakini matumizi hayo si ya haki. Pete ya fedha inayozunguka mahali mti na kasiba vinapokutana, huvishika visiachane. Hiyo ni kazi na pambo kwa pamoja. Msumari wa shaba uliopigiliwa ubavuni hausaidii shabaha, lakini hutangaza kuwa kitu hiki kilichofanywa na wageni sasa kina mwenyewe, naye ana jina na heshima. Pambo la namna hii ni sahihi ya mtu. Lakini bamba likiwekwa shingoni, likaufanya mkono uteleze, au misumari ikiwa mingi hata ikaupasua mti, basi pambo limemwasi bwana wake. Kanuni yetu ya pili, basi, ni kwamba pambo lizungumze pale linapoweza kuzungumza bila ya kuikatiza kazi.

Kwa kanuni hizi mbili twaweza kuvipima hata vitako vilivyosifiwa sana duniani, na baadhi yao vinahusiana na nchi yetu. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi mmoja tu kabla, aliteremka Mombasa kuanza safari yake ya kuwinda. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Springfield ya kijeshi ambayo kitako chake kilikuwa kimebadilishwa kimfae yeye. Alikuwa pia na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi ya marafiki wa Uingereza. Habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu mwaka 1910. Huko New York, seremala wa samani aitwaye Seymour Griffin alikisoma kitabu hicho, akanunua Springfield, akaichongea kitako kipya kwa mkono wake. Waliokiona walitaka vya kwao. Mwaka 1923 yeye na James Howe walianzisha duka la Griffin & Howe, na mojawapo ya bunduki zao aliichukua mwandishi Ernest Hemingway alipokuja kuwinda Kenya na Tanganyika mwaka 1933 na 1934.

Tazama, msomaji, mzunguko huu. Mtu huja Afrika Mashariki na kitako kilichopimwa kwa bega lake; habari zake humgeuza seremala wa mbali kuwa fundi wa bunduki; kisha kazi ya seremala huyo hurudi Afrika Mashariki begani mwa mtu mwingine. Vitako vya mafundi wa namna hii vimesifiwa kwa haki, kwa kuwa mistari yake ni safi na chuma kimelala vema ndani ya mti. Hata hivyo sifa hizo zina upungufu mmoja. Huandikwa kana kwamba kukifanya kitako kimfae mtu ni uvumbuzi wa wenye fedha nyingi. La hasha! Mtu maskini ambaye shingo ya bunduki yake imepasuka, akaifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, akaiacha ikauke na kubana, amefanya kazi ya ukoo mmoja na ile ya Griffin. Ngozi inapokauka hujivuta, nayo huushika ufa kwa nguvu ambayo fundi mwenye vifaa vyote hawezi kuicheka. Kwa kanuni yetu ya kwanza kazi hiyo ni njema. Na kwa kanuni ya pili haina pambo ila ukweli wake.

Hapa tunafikia swali linalowagawanya wapenzi wa bunduki za kale. Je, ni halali kuivua bunduki ya kale kitako chake na kuivika kingine? Upande mmoja husema kuwa kitako kipya huirudishia bunduki uhai, na kwamba ndivyo watu walivyofanya siku zote. Upande wa pili husema kuwa kitako ni hati, na anayekitupa amechana ukurasa wa historia. Kila upande una haki, lakini kila mmoja katika wakati wake. Bunduki ilipokuwa chombo cha kazi, kubadili kitako kulikuwa sehemu ya maisha yake. Kila kitako kipya kiliongeza ukurasa. Bunduki ikisha kuwa kitu cha makumbusho, haina tena bega la kuitumikia. Kitako kipya hapo hakiongezi ukurasa, kinafuta tu.

Na kurasa hizo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Chuma hutuambia bunduki ilifanywa wapi. Kitako hutuambia ilikwenda wapi. Aina ya mti huonyesha pwani au bara. Mahali palipolainika huonyesha shavu lilikaa upande gani. Ufa uliofungwa huonyesha kuwa ilipendwa hata ilipokuwa mbovu. Mtu akiipata bunduki ya siku za Witu yenye kitako cha mti wa pwani, kibaya na kizito, kisha akakitupa na kuweka jozi la kung'aa ili apate bei nzuri, amemfukuza Mwafrika katika historia ya bunduki hiyo na kumbakiza Mzungu aliyeifua. Hasara hiyo hailipiki kwa fedha.

Lakini kuna swali zito zaidi, ambalo msomaji wa Garsen au Kau ana haki ya kutuuliza. Je, yafaa kukisifu kitu kilichofanywa kuua? Katika delta ya Tana mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 walikufa katika mapigano juu ya ardhi, malisho na maji. Nchi ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria haimruhusu mtu kushika bunduki bila ya kibali. Yaliyosemwa juu ya pete za fedha na nyuzi za jozi hayawezi kumfariji aliyezika ndugu yake.

Jibu letu ni kuwa uhakiki si ibada. Kukipima kitu si kukiabudu, na kuijua kazi ya mkono si kuyabariki matumizi yake yote. Tena mti huu, kuliko chuma, ndio unaotukumbusha kuwa bunduki haifyatuki yenyewe. Kila kitako kilichochongwa kwa kipimo ni ushahidi kwamba nyuma ya chuma palikuwa na bega la mtu, lenye urefu wake na upana wake, na juu ya bega hilo palikuwa na kichwa kilichoamua. Anayesema kuwa bunduki ziliichoma Witu amesema nusu ya maneno. Watu waliichoma, wakiwa wameziegemeza bunduki mabegani mwao. Kitako ni alama ya dhima hiyo, na alama hiyo haifai kutupwa wala kung'arishwa mpaka ikafutika.

Basi mwanafunzi atakayesimama siku moja mbele ya bunduki ya kale katika makumbusho asianze kwa kuitazama kasiba. Na ashuke kwa jicho lake mpaka kwenye mti. Aitafute shingo, aone nyuzi zinakwenda wapi. Autafute ufa, na mkono uliouziba. Aulize mti huu ulikatwa nchi gani, na ulipimwa kwa mwili wa nani. Akifanya hivyo atakuwa amejifunza kuhukumu kazi ya fundi kwa haki, na pia atakuwa amemkuta mtu mahali ambapo wengine waliona silaha tu.